Jina, umbo, mnyama au ngao: kuchagua nembo ya biashara kwa kulinganisha nembo za magari

Mtu anayefungua kampuni ya mabasi, gereji au duka la vipuri hufika siku ambayo mchoraji humuuliza anataka nembo ya namna gani, na mara nyingi hujibu kwa kulinyooshea kidole gari lililoegeshwa nje. Jibu hilo lina busara kuliko linavyoonekana, kwa sababu watengenezaji wa magari wameifanya kazi hii kwa zaidi ya karne moja na katika mazingira magumu: nembo yao hupigwa chapa kwenye chuma, hufunikwa na vumbi na matope, huonekana kwa sekunde chache gari likiwa mwendoni, na hutakiwa kutambuliwa hata na mtu asiyejua kusoma lugha ya nchi gari lilikotengenezwa. Tatizo huanza pale anayechagua anapoiga sura ya nembo bila kujua ilitoka wapi na ilikusudiwa kufanya kazi gani.

Nembo hizo zikiwekwa bega kwa bega hujigawa katika njia nne: zipo zilizoandika jina, zipo zilizochora umbo la kijiometri, zipo zilizochagua mnyama, na zipo zilizoazima ngao au rangi za mji. Nitazipima zote kwa maswali mawili. La kwanza ni kama maana ya nembo ilitokana na jambo ambalo kampuni ilikuwa nalo tayari, au ilibandikwa baada ya mchoro kumalizika. La pili ni kama jicho linaitambua kwa mbali, ikiwa ndogo na bila rangi. Nembo nyingi hufaulu swali moja na kuanguka katika jingine, na hapo ndipo ulinganisho unapokuwa na manufaa.

Jina: Ford, Kia na Chevrolet

Ford ndiyo mfano ulio wazi wa njia ya jina. Kampuni ilianzishwa mwaka 1903, na mwandiko wake wa mlazo unahusishwa na Childe Harold Wills, msaidizi wa Henry Ford katika uhandisi, ambaye alikuwa na ujuzi wa kuandika herufi za kadi. Duaradufu ya buluu iliyouzunguka mwandiko huo ilianza kuonekana mbele ya gari la Model A mwishoni mwa mwaka 1927. Nembo hii haina kitendawili cha kufumbua, kwani inasema jina la mwenye kiwanda na kunyamaza. Hata hivyo, thamani yake ilidhihirika mwaka 2006, kampuni ilipokopa zaidi ya dola bilioni 23 na kuiweka alama hiyo ya buluu miongoni mwa mali za dhamana, pamoja na viwanda na majengo. Iliikomboa mwaka 2012. Nembo inayokubaliwa na benki kama rehani imekwisha kuwa mali, na haikuhitaji simba wala nyota ili kufika hapo.

Kia nayo huandika jina, lakini nembo iliyoitoa mwaka 2021 imeunganisha herufi zake kwa mstari mmoja usiokatika, na herufi ya A imeachwa bila kijiti chake cha katikati. Ni mchoro mzuri, tena wa kisasa. Matokeo yake yalikuwa kwamba watu wengi waliouona barabarani walisoma KN, wakaenda kutafuta kwenye intaneti gari la kampuni ambayo haipo. Kia ni kampuni kubwa na ilimudu mkanganyiko huo. Biashara changa isingeumudu. Katika hili nembo ya jina hufanana na kanga, ambayo mji na pindo lake vinaweza kupendeza namna gani lakini mnunuzi hutaka kulisoma jina bila kuuliza.

Chevrolet ilianza kutumia umbo linalofanana na tai ya shingoni mwaka 1913, chini ya William Durant, mmoja wa waanzilishi wake, na mpaka leo asili yake inasimuliwa kwa njia zinazopingana: wapo wanaosema Durant aliliona kwenye karatasi za ukutani katika hoteli moja ya Paris, na mkewe alisema aliliona katika tangazo la gazeti. Ukosefu wa hadithi moja haukulizuia umbo hilo kufahamika duniani. Ninalitaja kwa sababu wachoraji wengi huwauzia wateja hadithi ndefu kuhusu kila mkunjo wa mstari, na mteja hulipia hadithi akidhani analipia nembo.

Umbo: Toyota, Mitsubishi, Subaru, Audi na Mercedes-Benz

Hapa ndipo penye mengi ya kujifunza, na ndipo wengi wanapokosea. Magari matatu ya Kijapani yanayoonekana sana katika barabara zetu yametumia njia hii moja kwa namna tatu zisizofanana hata kidogo.

Toyota haikuwa na nembo ya duaradufu tangu mwanzo. Mwaka 1936 iliendesha shindano la wazi la kubuni alama, likapata michoro ipatayo 27,000, na mshindi alikuwa ameandika jina kwa herufi za Kijapani ndani ya duara. Alama hiyo iliwafaa waliojua kuisoma. Ile tunayoiona sasa ilitolewa Oktoba 1989, kuadhimisha miaka 50 ya kampuni, baada ya kazi ya takriban miaka mitano. Ina duaradufu tatu: mbili za ndani zinapishana na kuunda herufi T, pia hufanana na usukani, na kampuni hueleza kuwa zinawakilisha moyo wa mteja na moyo wa kampuni, ile ya nje huwakilisha ulimwengu unaoizunguka. Unene wa mistari hubadilika kama mwandiko wa brashi wa Kijapani. Lakini uamuzi bora kuliko yote, kwa maoni yangu, hauhusiani na mioyo wala ulimwengu. Wabunifu waliifanya nembo iwe na ulinganifu kamili wa kushoto na kulia, ili dereva anayeiona katika kioo cha kutazamia nyuma aitambue sawasawa na yule anayeiona kwa kuitazama moja kwa moja. Huo ni ubunifu wa mtu aliyejiuliza nembo itakaa wapi na nani ataiona akiwa upande gani. Mwenye basi la abiria angefaa kujiuliza vivyo hivyo kabla ya kuchora chochote mbele ya gari lake, kwa sababu maandishi yote hugeuka katika kioo cha gari lililo mbele, lakini umbo lenye ulinganifu haligeuki.

Mitsubishi ni kinyume chake kwa upande wa asili. Almasi zake tatu ni kongwe kuliko magari yenyewe. Iwasaki Yataro alianza biashara ya meli mwaka 1870, na alama yake iliunganisha nembo mbili zilizokuwapo: majani matatu ya mwaloni ya ukoo wa Yamauchi, uliotawala eneo la Tosa alikotoka, na almasi tatu zilizopangwa kwa tabaka za ukoo wake mwenyewe. Gari la kwanza la Mitsubishi lilitengenezwa mwaka 1917, likakuta nembo ikiwa imekwisha kupepea kwenye bendera za meli kwa miongo kadhaa. Hii ni maana ambayo haikubuniwa na mtu wa matangazo, na umbo lake ni jepesi kiasi kwamba mtoto anaweza kulichora mchangani kwa kijiti. Katika maswali yangu mawili, Mitsubishi hupata alama za juu kwa yote mawili, jambo ambalo Toyota haifanyi. Kwa mtu anayerithi biashara ya familia, au anayetoka katika nyumba yenye alama yake ya kale, mlangoni au kwenye jahazi, mfano huu ndio wa kufuata.

Subaru inavutia kwa namna nyingine. Kampuni mama, wakati huo ikiitwa Fuji Heavy Industries, iliundwa mwaka 1953, na kampuni tano ziliungana ndani yake. Nembo ina nyota sita, moja kubwa kwa ajili ya kampuni iliyozaliwa na tano ndogo kwa ajili ya zilizoungana. Nyota hizo ni zile za kundi ambalo Waswahili huliita Kilimia, ambalo wakulima wa pwani walilitazama angani ili kujua majira ya kulima. Maana yake ni ya kweli, ni nzuri, na msomaji wa huku anaweza kuielewa bila kufundishwa na mtu. Udhaifu uko katika mchoro: ukiitazama nembo hiyo kwa hatua ishirini, nyota ndogo humezwa, na kinachobaki ni yai la buluu lenye madoa meupe. Subaru huokolewa na umaarufu wake, kama ule ilioupata katika mashindano ya magari, lakini duka jipya la vipuri litakalochapisha nyota sita kwenye stakabadhi ya ukubwa wa kiganja litagundua kwamba wino umeziunganisha.

Hapa Audi inapaswa kuwekwa karibu na Subaru, kwa kuwa zote mbili husimulia muungano. Mwaka 1932 kampuni nne za Ujerumani, yaani Audi, DKW, Horch na Wanderer, ziliungana kuwa Auto Union, na pete nne zilizoshikana zikawa alama yao. Pete zina ukubwa mmoja na hakuna iliyo mbele ya nyingine kwa cheo, ilhali Subaru imekuza nyota moja na kupunguza tano. Tofauti hiyo si ya urembo. Washirika watatu wanaoanzisha chama cha usafirishaji wakichagua mfano wa Audi wanatangaza kuwa wako sawa. Wakichagua mfano wa Subaru wanatangaza kuwa kuna chombo kipya kilichowazidi wote. Nimeona ni afadhali washirika wajadili jambo hilo mapema, mbele ya karatasi, kuliko kulijadili baadaye mbele ya wakili. Kwa macho, pete nne hushinda nyota sita kwa mbali, maana hazina sehemu ndogo ya kupotea.

Mercedes-Benz ndiyo nembo nyepesi kuliko zote nilizozitaja. Gottlieb Daimler, mwanzilishi wa kampuni ya Daimler iliyotengeneza magari ya Mercedes, alipokuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Deutz aliweka alama ya nyota juu ya picha ya nyumba yake kwenye kadi aliyomtumia mkewe. Wanawe waliikumbuka baada ya yeye kufariki, na mwaka 1909 kampuni ikasajili nyota ya ncha tatu pamoja na nyingine ya ncha nne ambayo haikupata umaarufu. Ncha tatu hufasiriwa kuwa ni injini za ardhini, majini na angani. Mtu angeweza kuicheka tafsiri hiyo kama majigambo, isipokuwa kwamba injini za Daimler zilikuwa kweli zimefungwa katika boti, na pia katika chombo cha kwanza cha angani cha Zeppelin mwaka 1900. Walipoungana na Benz mwaka 1926, nyota iliwekwa ndani ya shada la majani ya ushindi la Benz, na baadaye shada likaachwa katika nembo inayotumika zaidi, ikabaki nyota ndani ya duara tupu. Nembo hii ilizidi kuimarika kwa kupunguzwa.

Wenye gereji na karakana wasisahau Citroën, ambayo mistari yake miwili ya umbo la V iliyopinduliwa ni meno ya giya, kwa sababu André Citroën alikuwa akitengeneza giya za aina hiyo kabla ya kutengeneza magari mwaka 1919. Fundi anayesifika kwa kazi moja mahususi anaweza kuichora kazi hiyo na kuacha picha ya gari zima, ambayo kila gereji inayo.

Mnyama: Peugeot, Ferrari na Jaguar

Simba wa Peugeot hakuzaliwa kwa ajili ya gari. Alichorwa mwaka 1847 na Justin Blazer, sonara na mchonga nakshi wa Montbéliard, na akasajiliwa mwaka 1858, wakati ambapo familia ya Peugeot ilikuwa ikiuza misumeno. Alikusudiwa kueleza sifa tatu za msumeno huo: meno imara kama ya simba, bapa linalopinda bila kuvunjika kama uti wa mgongo wake, na kasi ya kukata kama ya mnyama anayeruka. Nani angedhani kwamba simba aliyezoeleka Afrika Mashariki kwenye magari ya 404 na 504 alianza kwenye chombo cha seremala? Maana hiyo ilikuwa sahihi kabisa kwa bidhaa ile, na imebaki kama ukoo tu kwa bidhaa ya sasa. Kwa upande wa mchoro, simba huyu amebadilishwa mara nyingi: amesimama, ametembea, amebaki kichwa, na tangu 2021 ni kichwa ndani ya ngao. Mnyama ana manyoya, macho, makucha na mkia, na kila kizazi cha wachoraji hutaka kuvirekebisha. Pete za Audi hazina cha kurekebishwa isipokuwa unene.

Farasi wa Ferrari alirithiwa. Alikuwa kwenye ndege ya Francesco Baracca, rubani wa Italia aliyekufa mwaka 1918 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na ni mama yake aliyempendekezea Enzo Ferrari aitumie alama hiyo. Ferrari akaongeza rangi ya manjano ya mji wa Modena. Jaguar nayo inatoa onyo. Mwaka 2024 ilitangaza sura mpya iliyoweka mbele maandishi na kumsogeza kando chui wake anayeruka, na ilipingwa vikali na watu wengi ambao hata hawakuwa na nia ya kununua gari. Mnyama akishapendwa huwa si wa kampuni peke yake.

Kwa biashara ya huku, kikwazo kikubwa cha njia hii ni kwamba wanyama wamekwisha kuchukuliwa. Simba yuko kwenye klabu ya mpira ya Dar es Salaam, yuko kwenye mfuko wa saruji ya Tanga, na yuko kwenye ubavu wa mabasi yasiyo na idadi. Anayemtaka mnyama achague asiye na ushindani, na awe na sababu inayoihusu kazi yake, kama Peugeot ilivyokuwa nayo kwa msumeno.

Ngao na rangi za mji: BMW, Porsche na Alfa Romeo

Nembo ya BMW ilisajiliwa mwaka 1917, na rangi zake za buluu na nyeupe ni za jimbo la Bavaria, Ujerumani. Sheria ya wakati huo ilikataza kutumia alama za dola katika biashara, kwa hiyo rangi ziliwekwa kwa mpangilio uliogeuzwa. Simulizi iliyoenea kwamba nembo hiyo ni rafadha ya ndege ikizunguka ilitokana na tangazo la mwaka 1929, miaka 12 baada ya usajili. Watu waliipenda picha kuliko historia, na kampuni haikujihangaisha sana kuwasahihisha. Mwenye kampuni Tanzania au Kenya azingatie kikwazo kilekile, kwa kuwa nchi zote mbili zina sheria zinazozuia matumizi holela ya bendera na nembo ya taifa katika biashara.

Porsche, mwaka 1952, iliweka farasi wa mji wa Stuttgart katikati ya pembe za kulungu na rangi za eneo la Württemberg. Ni nembo yenye vitu vingi mno kwa kanuni zote nilizotaja, na inafanikiwa kwa sababu moja tu: huwekwa kwenye bidhaa ya bei ghali, huonekana kwa karibu, na mteja wake anafurahia kuichunguza. Alfa Romeo ilichukua msalaba mwekundu wa Milano na nyoka wa ukoo wa Visconti, pamoja na neno Milano lenyewe, lakini kampuni ilipojenga kiwanda karibu na Napoli, neno hilo liliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kampuni iliyozaliwa Arusha na kuuchora mnara wa saa kwenye nembo yake itakutana na swali hilohilo itakapofungua ofisi Mwanza.

Uchaguzi wenyewe

Biashara mpya yenye jina fupi na isiyojulikana ifuate Ford: iandike jina lake kwa mwandiko mmoja unaosomeka, ilizungushie umbo rahisi, na isibadilishe kwa miaka mingi. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa wengi, ingawa ndiyo inayowachosha wachoraji. Washirika walioungana wachague umbo la kijiometri, na kati ya Audi na Subaru ningechukua pete. Familia yenye alama ya zamani iitafute na kuisafisha, kama alivyofanya Iwasaki. Mnyama na ngao ninaviweka nyuma, isipokuwa pale ambapo bidhaa yenyewe inavidai.

Rangi na vivuli viamuliwe mwisho. Volkswagen mwaka 2019, BMW na Nissan mwaka 2020, na Renault mwaka 2021 zote zilitoa nembo bapa zisizo na mng'ao wa chuma, kwa sababu sasa nembo huonekana zaidi kwenye skrini ya simu kuliko kwenye boneti. Mchoro unaotegemea mng'ao ili ueleweke utafifia pia kwenye muhuri wa mpira na kwenye karatasi ya fotokopi.

Usajili usisubiri biashara ikue. Kampuni ya penseli ya Mitsubishi, ambayo haina udugu wowote na watengenezaji wa magari, ilisajili almasi tatu mwaka 1903, kabla ya kundi la Iwasaki kufanya hivyo, na mpaka leo kampuni mbili zisizohusiana hutumia alama moja. Tanzania Bara maombi hupelekwa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ambako usajili wa mwanzo hudumu miaka 7 na kisha huhuishwa kwa miaka 10. Kenya hupelekwa KIPI, taasisi ya serikali ya mali za viwanda, kwa miaka 10 tangu mwanzo, na nembo iliyosajiliwa huko bila kutaja rangi huhesabiwa kuwa imelindwa kwa rangi zote, hivyo ni faida kuwasilisha mchoro mweusi kwenye karatasi nyeupe. Zanzibar ina daftari lake la usajili, na mwenye mabasi ya Dar es Salaam anayetaka kuweka nembo hiyohiyo kwenye boti za Unguja atapaswa kuisajili huko pia.